Neno Lililobaki Ukurasa wa Nyuma

Mzee Yordani alikuwa mtu wa maneno. Hata wachache waliomchukia hawakulikataa hilo. Kule Bungu, harusi ambayo yeye hakusimama kuwaasa maharusi ilihesabiwa kama chai isiyo na sukari, na kesi za mipaka ya mashamba zilimfuata hadi barazani kwake, akazizungumza polepole mpaka wagomvi wakasahau walichokuja kugombea. Basi kiharusi kilipompiga, katika vyote alivyojaliwa, kikaona kichukue ulimi. Kilichukua na mkono wa kulia na mguu wake, lakini hivyo ndugu wangeweza kuvizoea. Ukimya ndio uliowashinda.

Binti yake Serafina alimteremsha kutoka milimani akamweka kwake Manundu, mjini Korogwe, ambako hospitali iko karibu. Serafina alikuwa na nyumba ya kupanga, kompyuta, na kazi ya kutengeneza programu za simu kwa wenye maduka na vyama vya ushirika, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya huku amekaa kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa hilo alimshukuru Mungu kila alipoamka. Alimshukuru pia kwa Enock, binamu yake, fundi seremala wa mtaa ule ule, ambaye hakufungua karakana yake kabla hajapita kumwogesha mjomba. Na alimshukuru kwa Bibi Zamda wa nyumba ya pili, Mzigua wa Mazingara, aliyekuja kukaa na mzee kila Serafina alipotaka kwenda sokoni. Wako wagonjwa wenye ndugu mia na hakuna hata mmoja wa kuwasogezea mto, na Serafina alilijua hilo vizuri.

Bibi Zamda hakujua kunyamaza mbele ya mgonjwa. "Mtani wangu, leo umenuna," alikuwa akimwambia huku akijivutia kiti. "Ungekuwa Mzigua ungeshapona zamani. Ninyi wa milimani baridi imewaingia mpaka kwenye mifupa."

Mzee alicheka kwa ule upande wa uso uliobaki mzima, na kicheko kile Serafina alikihesabu kuwa ushahidi. Ushahidi ndio uliokuwa ukitafutwa. Kaka yake Dennis, mkubwa wao, mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Kabuku, alitaka kumchukua baba yao akakae kwake. Dennis hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba kubwa, mke mkarimu aitwaye Rosa, na sauti ya mtu aliyezoea kubishana na madereva wa malori. Ugomvi wao haukuwa wa Kabuku wala Korogwe. Ulikuwa juu ya nani wa kuamua.

"Baba mwenyewe aulizwe," alisema Serafina.

"Aulizwe nani, Sera? Mzee hayupo tena. Mwili upo, mwenyewe ameshaondoka." Na ili kumaliza ubishi Dennis akainama kitandani. "Baba, wewe ni mwanamke?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Tangu augue alikubali kila kitu. Ukimuuliza kama ana njaa, anakubali, na ukimuuliza kama ameshiba, anakubali vile vile. Ndiyo na hapana zilikuwa zimechanganyika humo ndani, na kichwa chake kilifanya kazi ya adabu tu. Dennis alinyooka, na Serafina akaona kwamba kaka yake hakufurahia ushindi ule hata kidogo.

"Jumamosi ijayo nakuja na gari," alisema Dennis.

"Nikikuonyesha kwamba yupo?"

"Ukinionyesha yupo, ataamua mwenyewe. Mimi nani nimwamulie baba yangu?"

Basi likawa neno la ahadi. Na Serafina alikuwa na silaha yake tayari, ila haikuwa ikikata.

Silaha yenyewe ilikuwa programu aliyomtengenezea baba yake kwenye kishikwambi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha kubwa za milango minne: Watu, Chakula, Mwili, Vitendo. Ukigusa Chakula, unaingia kwenye ukurasa wa ugali, makande, maji, chai. Ukigusa Mwili, unamkuta mtu aliyechorwa, uguse panapouma. Watu walikuwa picha za ndugu, na ya mzee mwenyewe. Vitendo vilikuwa kula, kulala, kunawa, kwenda. Kila picha ikiguswa ilitamkwa kwa sauti ya Enock, kwa kuwa Enock alirithi sauti nzito ya ukoo ule, na ukifumba macho ungesema ni mzee mwenyewe wa miaka ile. Juu ya kila ukurasa Serafina aliweka mstari mweupe, na picha zilizoguswa zilijipanga hapo ili mtu aone amesema nini. Ukitaka kutoka, kuna mshale wa kukurudisha kwenye milango.

Wateja wake wenye maduka wangeifurahia. Mzee Yordani alipotea humo.

Aliingia Watu, akagusa picha, akatoka. Akaingia Vitendo, akagusa, akatoka. Akarudi Watu. Akaenda Vitendo tena. Akazunguka hivyo mpaka jasho likamtoka kipajini, kisha akapiga godoro kwa kiganja cha kushoto na kugeuzia uso ukutani. Serafina, akisikia sauti ya Enock ikisema "kula" mara kwa mara, alikimbia na uji. Mzee alifumba mdomo. Serafina akaleta ugali mlaini na mchuzi. Mzee alifumba mdomo.

"Anapotea njia," Serafina alimwambia Bibi Zamda. "Hajui ametoka wapi na anakwenda wapi."

Hiyo ndiyo kasoro ya watu wa fani ile. Mtu akizungukazunguka ndani ya kazi yao, wanadhani ameukosa mlango. Serafina akaukuza mshale wa kurudi ukawa kama jani la mgomba. Mzee akazunguka. Serafina akaupaka kila mlango rangi yake. Mzee akazunguka. Akafanya ukurasa ujifunge wenyewe ukishaguswa picha moja, umrudishe mtu mwanzo bila kumsumbua, na siku hiyo mzee alikisukuma kishikwambi kikaanguka sakafuni. Hakikuvunjika. Serafina alikiokota, akaenda jikoni, akalia kidogo, akanawa uso. Alikuwa ameanza kuogopa kwamba Dennis amesema kweli.

Ijumaa mchana alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa mwanzo, akamwekea baba yake kishikwambi mapajani. Kwa kawaida alisimama mbele yake kama mwalimu wa mtihani, akaisoma skrini kichwa chini miguu juu. Lakini siku ile uchovu ulikuwa umemzidi. Alikaa kitandani ubavuni mwa baba yake, akaegemeza kichwa ukutani, bega kwa bega naye. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka kupumzisha mgongo tu.

Kutoka pale aliiona skrini kama baba yake alivyoiona, na aliyaona macho yake.

Mzee aliingia Watu, akagusa picha ya Serafina. Sauti ya Enock ikasema, "Serafina." Picha ikapanda kwenye mstari mweupe. Mzee akatoka kwa mshale bila kusitasita, akaingia Vitendo bila kusitasita, akagusa kula. Halafu macho yake yakapanda juu, kwenye mstari. Pale juu palikuwa na kula peke yake. Mzee akaguna. Akarudi Watu, akamtafuta Serafina, akamgusa. Macho yakapanda tena. Sasa palikuwa na Serafina peke yake, na kula haipo.

Serafina aliketi wima. Mzee wa watu hakuwa amepotea. Milango aliijua kuliko yeye aliyeijenga. Alikuwa anabeba neno kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine, na kila akifika, mikono mitupu.

Kosa lilikuwa la Serafina, tena la wazi, la kumchekesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kila ukurasa alikuwa ameupa mstari wake, na ukurasa ukifungwa ulikwenda na mstari wake na vyote vilivyomo. Ndani ya Chakula ungeweza kusema maji, chai. Ndani ya Mwili ungeweza kusema kichwa, tumbo. Lakini kumchukua mtu wa ukurasa huu ukamkutanisha na jambo la ukurasa ule hukuweza, kwa sababu aliyeijenga hakufikiri kwamba mgonjwa angekuwa na haja hiyo. Alifikiri mgonjwa huhitaji kitu kimoja: ana njaa, ana kiu, anaumwa. Akamjengea baba yake vyumba vya kuombea vitu. Mtu aliyekuwa akisuluhisha kijiji kizima, bintiye akampa neno moja moja kama kasuku.

"Nisamehe, Baba," alisema. Mzee akatikisa kichwa kukubali, na safari hii Serafina hakujali kulikuwa kukubali kwa aina gani.

Jumamosi asubuhi, Enock akiwa ameshamwogesha mzee na kwenda zake, Serafina alifungua kompyuta. Aliung'oa mstari mweupe kutoka kila ukurasa, akaufanya mmoja, akauweka nje ya kurasa zote, juu kabisa, ili kurasa zifunguke na kufungwa chini yake nao usitikisike, mpaka mtu aguse alama ya kuufuta. Ni kama kikapu cha sokoni. Ukitoka genge la nyanya ukaenda kwa muuza dagaa, nyanya hazibaki gengeni, unazo mkononi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa, na hilo lilimuuma: siku zote zile, na dawa ilikuwa ndogo hivi. Alipomaliza alikuwa hajatia kitu mdomoni, na jua lilikuwa limeshapanda.

Alimpelekea baba yake kishikwambi. Bibi Zamda alikuwa amekaa pale akichambua mchicha.

Mzee aliingia Watu. "Serafina," ikasema sauti. Akatoka. Akaingia Vitendo. "Kula." Macho yakapanda juu kwenye mstari, na pale juu zilikuwepo picha mbili, bega kwa bega. Mzee alizitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia binti yake, akasubiri.

"Ndiyo, Baba. Serafina atakuletea chakula. Nimekuelewa."

Alikwenda mbio akarudi na kikombe cha uji. Mzee alifumba mdomo. Serafina akasogeza kikombe. Mzee akakishika kwa mkono wake wa kushoto, akakisukuma kurudi kilikotoka, taratibu, mpaka kikamgusa Serafina kifuani.

Bibi Zamda aliacha mchicha.

Serafina alisimama na kikombe kifuani, na ndipo alipokumbuka sauti ile, si ya Enock, ya mwenyewe. Ukitoka shule, umekula? Ukitoka shamba, umekula? Umefika kutoka Korogwe na mabegi yako, kabla ya habari za huko, umekula? Nyumbani kwao Bungu baba hakugusa sahani kabla hajawauliza watoto wake mmoja mmoja kwa jina. Huyu mtu alikuwa amelala hapa wiki kwa wiki, akimtazama binti yake akikimbia na vikombe, akikonda, na alikuwa na swali moja tu. Naye kila akiuliza aliletewa uji.

"Sijala, Baba," alisema. Akaketi, akaunywa ule uji wote mbele yake, machozi yakimdondokea kikombeni, na mzee akamwangalia hadi tone la mwisho.

"Mtani, kumbe una maneno," alisema Bibi Zamda kwa sauti ndogo, ambayo si yake.

Dennis aliingia mchana, vumbi la njiani likiwa kwenye shati. Gari alilitia uani na milango akaiacha wazi, kama mtu asiyenuia kukaa. Alimwamkia baba yake, shikamoo, akamwamkia na Bibi Zamda, kisha akamgeukia dada yake. Serafina alimweleza. Dennis alisikiliza mikono kiunoni.

"Anabonyeza tu, Sera. Mtoto mdogo naye anabonyeza. Na kukuuliza kama umekula, labda ni bahati. Unataka iwe kweli, ndiyo maana unaona kweli."

"Mpe nafasi."

Mzee Yordani alikuwa akimtazama Dennis. Kidole chake kikaingia Watu, kikapita picha ya Dennis bila kusimama, kikaenda chini mpaka kwa mkewe. "Rosa," ikasema sauti.

"Rosa hajambo, Baba, anakusalimia," alisema Dennis haraka, kama mtu anayemjibu mgonjwa.

Mzee hakuwa amemaliza. Alitoka. Aliingia Mwili, ukurasa ambao Serafina aliuchora ili baba yake aonyeshe maumivu yake mwenyewe. Kidole kikapita juu ya yule mtu wa kuchorwa, kikashuka.

"Mguu."

Juu kwenye mstari: Rosa, mguu. Mzee akainua uso, akasubiri jibu.

Serafina hakuelewa. "Rosa ana nini mguuni?" alimuuliza kaka yake. Dennis alikaa ukingoni mwa kitanda bila mtu kumkaribisha.

"Aliteleza kisimani," alisema hatimaye. "Nilikwambia wiki ile, tulipokuwa tunatandika shuka. Wewe upande ule, mimi huku. Naye akiwa katikati yetu."

"Mimi nimesahau kabisa."

"Hata mimi nilikuwa nimesahau kama nilisema." Dennis alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Sera, tulisema mangapi juu ya kitanda hiki?"

Walikuwa wamesema mengi. Walisema hayupo. Walisema mwili tu ndio umebaki. Walimuuliza kama yeye ni mwanamke. Yote yalipita masikioni mwake yakaingia, na katika yote hayo yeye akachagua kuuliza habari za mguu wa mkwewe. Dennis akauchukua mkono wa kushoto wa baba yake akauweka kwenye paji la uso wake mwenyewe, akabaki hivyo ameinama. Bibi Zamda alikusanya mchicha wake akatoka, maana kuna mambo jirani mwema hayatazami.

"Mguu umepona, Baba," alisema Dennis aliponyanyuka. "Anatembea vizuri. Nitamwambia umemuulizia."

Mzee akavuta pumzi, akaishusha, kama mtu aliyetua mzigo. Serafina alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akaona haitoshi, akamshukuru kwa sauti.

Walikula. Serafina alipakua makande, Dennis akamlisha baba yake kijiko kwa kijiko, safari hii akimsemesha yeye, habari za bei ya saruji na mvua za Kabuku, wala hakumtazama dada yake kutafuta majibu. Baada ya kunawa alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Baba, niliahidi. Mimi nimekuja kukuchukua ukakae kwangu na Rosa. Sera anataka ubaki hapa. Wewe ndiye mwenye kauli. Unasemaje?"

Serafina aliweka kishikwambi mapajani mwa mzee, akasogea pembeni. Hakuwa na wasiwasi mwingi. Alikuwa amemrudishia baba yake kinywa, na moyoni alijua, au alidhani anajua, kinywa kile kitasema nini.

Mzee alichukua muda wake, kama alivyokuwa akichukua barazani. Aliingia Watu akagusa picha yake mwenyewe. Akatoka, akaingia Vitendo. Akarudi Watu. Kidole hakikuwa na haraka. Mstari ulipojaa, ulikuwa na picha tatu.

"Baba. Kwenda. Dennis."

Serafina alitaka kusema amekosea kugusa, alitaka kusema mkono umeteleza, ajaribu tena. Maneno yalimfika kooni. Lakini utampaje mtu kauli, akishaitumia umwambie hiyo siyo? Akayameza.

"Sawa, Baba," alisema. "Ni wewe umesema."

Mzee alimtazama, akaona kila kitu, na watoto wake wote wawili wakajua kwamba anaona. Akainama tena kwenye skrini. Watu. Halafu mshale wa kurudi, halafu Vitendo. Sauti nzito ya ukoo ikasema:

"Serafina. Kulala."

Dennis alimwangalia dada yake, na labda kwa mara ya kwanza tangu aingie aliyaona macho yake yaliyozama na mifupa ya shingo. Serafina naye alijitazama mikono. Alikuwa amehangaika siku zote amjengee baba yake njia ya kuomba, na baba alipopata njia hakuomba chochote. Alitoa. Alikubali kuondoka penye hospitali na jirani mtani na binti aliyemzoea, ili binti huyo alale.

"Nitalala, Baba," alisema.

Walimfungia nguo zake. Enock aliitwa karakanani, yeye na Dennis wakambeba hadi garini, na Bibi Zamda akaja kumwambia mtani wake kwamba Kabuku nako kuna Wazigua wengi, asidhani amesalimika. Kabla hawajaondoka Serafina aliongeza ukurasani picha za watoto wa Dennis, akamfundisha kaka yake kukichaji kishikwambi, akambusu baba yake kipajini. Gari likashika njia ya Segera.

Alirudi ndani. Vyombo vya makande vilikuwa mezani, kompyuta ilikuwa wazi, na kazi ya mteja mmoja ilikuwa ikimsubiri. Serafina hakugusa hata kimoja. Alipanda kwenye kitanda cha baba yake, ambacho shuka lake lilikuwa bado na joto, akavuta mto, akalala mchana kweupe, kwa sababu baba yake alikuwa amemwambia alale.